Alama Tatu Chini ya Nati

Siku niliyovunja meza ya chuma naikumbuka hadi sauti yake, mwanangu. Haikuwa kubwa. Ililia tak, kama mtu aliyevunja biskuti kavu, na mpaka leo nikisikia sauti ya namna hiyo mwili hunisisimka.

Nilikuwa kijana mwenye cheti kipya, nimeajiriwa katika karakana moja ya Changamwe iliyokuwa ikitengeneza pampu. Mle mlikuwa na mashine moja tu ya milingi. Kama hujawahi kuiona, juu ina kisu kinachozunguka, na chini yake meza nzito ya chuma inayosogea huku na huku. Kwenye meza hiyo kuna mifereji, mdomo mwembamba na tumbo pana, na ndani ya mfereji huteleza nati ya T, kipande cha chuma kilichochongwa umbo hilohilo. Bolti hushuka kutoka juu ikaingia kwenye hesi za nati, ile mizunguko iliyokatwa ndani ya tundu lake, na ukikaza, kazi yako hubanwa mezani isitikisike. Watu tisa tulipata riziki kwa meza ile.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Nyale, mkazi wa mtaa wa Shika Adabu, ng'ambo, aliyevuka feri kila alfajiri na kufika kabla yetu sote. Maneno alikuwa nayo machache mno. Shikamoo yako ataiitikia vizuri, lakini maelezo utayangoja mpaka uchoke. Asubuhi ile alinikabidhi mkebe wa nati kuukuu, akanambia nichonge nyingine kumi na mbili mfano wa zile, kisha nifunge kifuniko cha pampu mezani.

Nilizichonga, mwanangu, zikatoka zinameta. Kusema kweli nilijipenda siku hiyo. Nikazilinganisha na zile kuukuu, nikaona zile zina ila. Kila moja, upande wa chini, kandokando ya tundu, ilikuwa na alama tatu za panchi, kile chuma chenye ncha cha kugongwa kwa nyundo, zilizoibonyeza hesi ya mwisho hata bolti isiweze kupita. Nikajiuliza hawa wazee walikuwa wakifanya kazi kwa macho gani. Nikachukua tapu, kile chombo cha kukatia hesi, nikazisafisha zile kuukuu zote moja baada ya nyingine, mpaka bolti ikawa inapita juu hadi chini bila kukwama. Hakuna aliyenituma. Niliona nawafanyia hisani.

Kisha nikafunga kifuniko. Nilikaza kwa spana, nikaona raha jinsi bolti inavyokaza, nikaongeza kidogo. Ndipo ikalia. Kipande cha mdomo wa mfereji, urefu wa kidole gumba, kiliruka kikaanguka karibu na kiatu changu.

Mwenye karakana alikuwa amekwisha kutuonya kwamba atakayeiharibu meza ile asingoje kuambiwa, achukue nguo zake aende. Nikamwona anatoka ofisini. Kwetu Mtongwe, mama alikuwa ameshawaambia majirani wote kwamba mwanawe sasa ni fundi.

Mzee Nyale alifika kabla yake. Hakunitazama. Aliifungua bolti taratibu, akaitelezesha nati mpaka ikatoka, akapitisha kidole pale palipokuwa na alama, akaelewa yote. Mwenye karakana alipouliza ni nani, nilifungua mdomo, lakini mzee alinitangulia.

"Ni mimi," akasema. "Nilimpa mkebe, sikumpa maneno."

Yule bwana alimtazama, akaitazama meza, akarudi ofisini. Mimi angenifukuza papo hapo. Mzee Nyale hakuweza kumfukuza, maana bila yeye karakana ingesimama.

Tulipobaki wawili akaniita benchini, akanionyesha kwa vidole vyake. Bolti ikipita nati, husimama kwenye sakafu ya mfereji. Kuanzia hapo ukikaza hubani kazi tena, unaiinua nati kwa nguvu zako zote, nayo inausukuma mdomo wa mfereji kutoka chini. Meza ile ni chuma cha kumiminwa, haijui kupinda, inajua kuvunjika tu. Zile alama nilizoziona ila ndizo zilizokuwa zikiizuia bolti isifike chini.

Nikamuuliza kama ni yeye aliyezipiga. Akatikisa kichwa.

"Nilizikuta, mwanangu. Na aliyenifunza naye alizikuta."

Niliishika nati ile, nikaigeuza upande wa chini. Alama ndogo kuliko punje ya mchele imeilinda meza ambayo wanaume wanane hawaiinui! Mtu nisiyemjua jina, pengine alishazikwa kabla sijazaliwa, aliketi siku moja akanifikiria mimi. Alijua atakuja kijana mwenye haraka na spana ndefu, akamwekea kizuizi chini kabisa, mahali ambapo hakuna wa kumsifu. Nami nilikifuta huku nikijisifu. Sijawahi kujiona mdogo namna ile, na ajabu ni kwamba haikuniuma, ilinistaajabisha tu.

Mzee akanipa panchi na nyundo. Nikazipiga alama nati zote, na zile zangu kumi na mbili zinazometa pia. Meza ingali pale na pengo lake, nati zingali kwenye mkebe.

Basi mwanangu, huko karakanani unakoanza kazi, ukikuta kazi ya waliokutangulia ina kasoro usiyoielewa, weka chombo chini kwanza, ukaulize. Simu yako hiyo itakuonyesha mengi, lakini haitakwambia kwa nini nati ya karakana yenu imebonyea. Nawe ukimkabidhi mtu mkebe, mpe na maneno yake, usije ukalazimika kubeba kosa lake mbele ya watu kama alivyobeba langu Mzee Nyale.

Mungu akupe mkono imara na moyo wa kuuliza. Na siku utakapokuwa hupo tena, asalimike kijana asiyekujua jina, kwa alama uliyomwachia.