Bendera ya Kumi na Nane

Kabla Bi Geng hajaingia nyumbani kwa Yuzhen, sifa zake zilishaingia zikakaa. Mji mzima ulimjua: mlezi wa wanawake waliojifungua, mwenye bendera kumi na saba za mahameli nyekundu alizotunukiwa na familia alizohudumia. Picha za bendera hizo alikuonyesha kwenye simu kabla hujampa kiti.

Yuzhen alikuwa katika siku ya nne ya mwezi wake wa kukaa ndani baada ya kujifungua, na maziwa hayatoki. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia mpaka sauti ikakauka. Bi Geng akapika mchuzi wa kwato za nguruwe na karanga, mafuta yameelea unene wa kidole.

“Kunywa, mwanangu. Mie hata jiwe nalitoa maziwa.”

Siku tatu alikunywa. Matiti yakawa magumu, homa ikampanda. Bi Geng akasema kosa ni la mzazi, anawaza mno. Kisha akajilaza, akakoroma kumshinda mtoto kulia.

Ndipo mama mkwe, Mama Pang, aliyekatazwa na Bi Geng kuingia chumbani kwa kuwa mikono yake ni ya kufugia nguruwe, akanyemelea na bakuli.

“Nimeengua mafuta, yanakuziba. Usimwambie, atanuna.”

Akamkanda matiti kwa kitambaa cha moto, taratibu. Jioni mtoto alinyonya mpaka akalowa masikio.

Bi Geng alipoamka, alipiga simu tatu. “Alikuwa kisima kikavu huyu. Mkono wangu tu.”

Siku ya kutimiza mwezi, wageni wakimenya mayai mekundu ya sherehe ya mtoto, mume wa Yuzhen akaleta bendera ya kumi na nane. Umlete mtu maarufu hivyo, halafu ukiri hakufaa kitu? Watu watakucheka. Yuzhen akaelewa zile kumi na saba zilikotoka.

“Shika ncha hii, mwanangu, tupigwe picha,” Bi Geng akasema, ameshatengeneza tabasamu.

Binamu ya Yuzhen, Peilin, mimba ya miezi minane, akamsogelea. “Dada, nimchukue?”

Yuzhen akalitazama tumbo lile. Akaiachia ncha ya bendera, ikaning'inia upande.

“Ukitaka wa kukukoromea, mchukue. Ukitaka maziwa, muombe mama mkwe wangu. Yule pale, anaosha vyombo.”