Mama Marita Anataka Kulala

Saa nne asubuhi hapa Mlowo, na Marita Nzunda bado hajanywa chai. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa jiko, kanga begani, anasikiliza kesi ya tatu tangu kupambazuke. Ya kwanza ilikuwa ya sabuni. Ya pili ya binti aliyeimba bafuni wenzake wakiwa kwenye sala. Hii ya tatu ndiyo imejaza watu uani, hata jirani anayenunua mahindi kando ya barabara ameacha mizani yake akaja kusikiliza.

Mshtakiwa ni Lusubilo, kijana wa miaka ishirini kutoka Tunduma. Alipelekwa Ivuna mwezi mzima kuchemsha chumvi. Jana amerudi, amenenepa.

"Hebu geuka tukuone na nyuma," anasema Mercy, mwenzake, ambaye yeye karudi kutoka Hasamba na malengelenge ya jembe viganjani. Ua mzima unaangua kicheko.

Marita hacheki. "Mwanangu, hiyo chumvi ulichemsha au ulilamba?"

Nyumba hii inalea vijana kumi na wanne waliomaliza sekondari na hawajaenda chuo. Wanakaa humu mwaka mmoja. Wanapika, wanalima, wanashona. Na kila mmoja lazima aishi mwezi mmoja kwa watu asiowajua, akifanya kazi asiyowahi kuigusa. Mtoto wa duka anapelekwa shambani, mtoto wa kahawa anapelekwa kwenye chumvi. Sharti ni moja: mgeni hasemi yeye ni mtoto wa nani, asije akabembelezwa.

"Baba yangu sikumtaja," Lusubilo anajitetea. "Bibi mwenye nyumba hakuuliza baba. Aliuliza ukoo. Nikamtajia."

Kwa Wanamwanga, kabila la bibi na la Lusubilo, hiyo inatosha. Kabla kijana hajatua begi, bibi alikuwa ameshaufuata ukoo hadi kwa babu yake. Lusubilo akawa mjukuu, na kwa utani wa bibi na mjukuu, akawa mume. Jogoo akachinjwa. Kila aliposhika shoka apasue kuni za kuchemshia, bibi alimnyang'anya: "Mume wangu hapasui kuni mimi nikiwa hai!"

Amoni Simbeye, mume wa Marita, ndiye anayewatafutia vijana nyumba za kwenda. Naye ni Mnamwanga. Anajikuna kichwa.

"Kosa langu," anasema. "Nilikataza jina la baba, ukoo sikuukataza. Na mimi ningeulizwa, ningejibu."

"Wewe ungeongeza na ukoo wa mama," mkewe anamjibu bila kumtazama.

Miaka tisa iliyopita Amoni alikuwa akifunga maturubai ya malori mpakani, na Marita akiuza vitenge kati ya Tunduma na Nakonde. Umoja wa wazazi, waliochoka kuona watoto wao wakizurura katikati ya malori, ukawafuata wawe walezi wa nyumba hii. Sababu ilikuwa nyepesi: nyumba yao haikuwahi kukosa wageni.

"Walituambia, nyie si mnapenda watu? Kweli tulipenda," anasema Marita. "Siku hizi tunawapenda kwa mbali."

Posho yao wote wawili ni laki mbili kwa mwezi, na chakula wazazi wanaleta. Lakini ukikaa na Marita, hela haitaji. Anataja miguu inayovimba ikifika jioni. Anataja jina lake.

"Kutwa nzima ni mama, mama, mama. Juzi kanisani mtoto wa mtu kaita mama yake, mimi nikasimama. Katikati ya mahubiri!"

Mwisho wa mwezi huu anaondoka, amekwisha kuwaambia wazazi. Nao wamejibu wazi: bila mlezi wa kulala humu ndani, vijana wapya hawapokelewi, nyumba inafungwa. Anayefaa ni mmoja tu, Irene Kibona, aliyepita humu mwaka wa kwanza kabisa na sasa anafundisha ushonaji. Tangu Pasaka Irene anakubali asubuhi, jioni anakataa.

"Naogopa hawatanisikia," ananiambia. "Nikiamua kitu wanakimbilia kwa mama. Na mama naye hawezi kujizuia, anawasikiliza."

Leo Marita anafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Anainuka kwenye ndoo.

"Irene, njoo ukae. Hii amua wewe."

"Mama! Mbele ya watu wote hawa?"

"Kwani mimi huwa naamulia kabatini?"

Irene anakaa, anavuta sketi magotini. Anamuuliza Lusubilo maswali mawili matatu, kisha anatamka: kijana atarudia mwezi wake, kuanzia tarehe moja, akichuma kahawa Hasamba. Shambani kwa Mama Marita.

Kila mtu anajua ndiko mama anakokwenda kupumzika. Amewaimbia mwaka mzima: nyumba ndogo katikati ya mibuni, yeye na Amoni tu, mlango umefungwa.

"Lakini kwa mama si kwa wageni!" Lusubilo analalamika.

"Kule hatakuwa mama, atakuwa mwenye shamba. Na Hasamba ni kwa Wanyiha, huo ukoo wako nani anaujua?"

"Mama! Muone dada Irene ananionea!"

Macho yote yanamgeukia Marita. Hata ya Irene. Mwanamke anafumba macho, anayafumbua.

"Dada ameshasema," anajibu, anaingia jikoni.

Chai imepoa. Anainywa hivyo hivyo, amesimama.

"Mama Grace, mtoto umejiletea mwenyewe," mumewe anamnong'oneza, akimwita kwa jina la binti yao.

"Najua. Ningetamka neno moja pale, ningezeekea kwenye ile ndoo."

Mchana Irene anahamishia godoro lake chumba cha mlezi. Marita anamtazama akipita nalo mlangoni, anamshikia pazia.

Namuuliza mipango. Atalala, anasema, mpaka jua limpige usoni, siku tatu mfululizo. Kisha atachuma kahawa yake taratibu.

Na Lusubilo?

"Aje tu. Kikapu cha kuchumia nitamwekea nje, mlangoni," anasema. "Ila asigonge."