Matairi ya Meno ya Bwana Shamba

Fundi Sefania wa Lushoto alikuwa na mikono isiyojua kulipua kazi, na balaa lake lote lilitoka humo. Baiskeli, cherehani, taa za karabai, vyote vilipita kibandani kwake nyuma ya soko. Pikipiki iliyomkosesha raha ilikuwa moja tu, ya Bwana Shamba Kornelio.

Hiyo ilikuwa miaka ya matuta. Serikali ya Mwingereza iliamuru kila shamba la mlimani lichimbwe matuta, mvua isiburure udongo. Asiyechimba, Kornelio anamwandika, anaitwa barazani, na kutoka hapo ni faini au jela. Wee! Watu waliyachukia matuta yale kama upele. Mama yake Sefania, Secilia, mjane wa Kwembago, hakuwa nalo hata moja. Mgongo ulikuwa umekataa. Na aliyemwambia aache ni Sefania mwenyewe.

"Usijitese, mama. Masika hakuna pikipiki inayopanda huku. Kiangazi nitakuja kuchimba mimi."

Alisema kwa uhakika wa fundi. Matairi ya Kornelio aliyajua: ya mistari, tena yamelika mpaka yanang'aa, hayakamati tope hata kidogo.

Basi asubuhi moja ya Aprili Kornelio akaja anaisukuma pikipiki, ametapakaa tope hadi masikioni. Nyuma yake mpagazi kabeba jozi mbili za matairi mapya, yaliyofika jana na lori la Tanga.

"Chagua, fundi. Wewe ndiye mwenye macho."

Jozi moja ilikuwa ya mistari. Nyingine ya meno, kila jino nene kama kidole gumba. Sefania akaidaka ile ya kwanza.

"Haya ya mistari," akasema haraka. "Ya meno yatakutikisa, bwana, mpaka ini lihame."

Kornelio akaangua kicheko. "Liache lihame! Juzi nimeanguka mara tatu kabla sijafika nusu ya mlima. Fundi mzima hujui tope linataka nini? Funga ya meno."

Angefanyaje? Akalitoa gurudumu, akashusha upepo, akalivua tairi la zamani kwa vyuma vyake viwili bapa. Alipopaka maji ya sabuni ukingo wa tairi jipya, shetani akamnong'oneza: ubane mpira wa ndani kidogo tu, upasuke njiani, nani atajua? Kweli alikiweka chuma pabaya. Akavuta pumzi, akataka kukibonyeza, mkono ukakataa. Ulikwisha zoea kukwepa mpira, ukakwepa. Akautazama mkono wake kwa hasira, wallahi, kama si wake! Dakika chache baadaye tairi lilikaa sawasawa ndani ya ringi, na la pili likafuata, meno yote yameelekea yanakotakiwa.

Kornelio akayabonyeza, akaridhika. "Kwenu si Kwembago? Panda nyuma. Huko hajafika mtu wetu tangu masika yaanze. Utanionyesha njia."

"Nina kazi, bwana."

"Na hii ni ya serikali."

Akapanda. Njia nzima alikuwa akiomba, yeye mzee wa kanisa, tope lishinde. Tope halikushinda. Meno yaliuma udongo mwekundu, yakautupa nyuma, pikipiki ikapanda inanguruma. Kwenye kona ya mwisho, chini ya migomba, gurudumu likaanza kuzunguka bure, na moyo wa Sefania ukaruka kwa furaha.

"Sukuma!" Kornelio akapiga kelele.

Akashuka, akasukuma. Miguu ilizama, jasho na machozi vikachanganyika, lakini alisukuma kwa nguvu zake zote, maana amri ni amri. Pikipiki ikatoka.

Mbele yao kulikuwa na mahindi ya kimo cha magoti, yamesimama kwenye mteremko mtupu, bila tuta. Kornelio akatoa daftari.

"Shamba la nani hili?"

"Langu," akasema Sefania. "Niandike mimi, bwana. Nimelitelekeza mimi."

Secilia alikuwa amekwisha toka nje, amejifunga kanga upya kwa ajili ya mgeni. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini hilo alilisikia, na uso ukamkunjamana. Mwanamume kudai shamba la chakula la mama yake, tena mbele ya mgeni! Kwao shamba la chakula ni la mwanamke aliyekabidhiwa alipoolewa, na mtoto hamnyang'anyi mama yake akingali hai.

"Mwongo huyu," akamwambia Kornelio, akijipiga kifuani. "Shamba langu. Mume wangu kanipa. Secilia, mimi."

"Mama, nyamaza!"

"Ninyamaze kwa nini? Shamba langu!"

Kornelio akalamba ncha ya penseli, akaandika. "Jumatatu umlete barazani, fundi," akasema kwa sauti ya chini, kisha akaenda kuigeuza pikipiki.

Mama akamsogelea mwanawe. Sasa aliongea Kishambaa, na hasira zilikuwa zimeshuka. Akauliza yule bwana ameandika nini.

Sefania akautazama ule mteremko mtupu.

"Ameandika kwamba shamba ni lako, mama."

"Vizuri," akasema Secilia, akaingia ndani kumtafutia mgeni ndizi.