Faksi Niliyomsomea Kocha

Jumatatu jioni mkurugenzi wa michezo wa chuo tulichosoma, karibu na Fort Worth, Texas, alipiga simu nyumbani kwetu Stafford. Alisema chuo kiko tayari kupatana na kocha wa riadha ambaye kilimfukuza miaka kumi na miwili iliyopita. Wanataka kumwalika kwenye mkutano wa wanariadha wa zamani na kuirudisha picha yake ukutani. Lakini bodi haitapiga kura mpaka mtu mmoja akubali. Mtu huyo ni mke wangu.

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Mombasa, baba wa watoto wawili. Kazi yangu ni kupanga safari za malori. Mke wangu, hapa nitamwita Zuhura, ni muuguzi. Naomba wasimamizi wa ukurasa huu walifiche jina langu, maana watu wa msikitini kwetu wanasoma hapa. Zuhura hausomi ukurasa huu. Nimehakikisha.

Chuoni tulikuwa Waswahili wawili tu. Zuhura alikimbia mita mia nne. Mimi nilikuja kukimbia pia, lakini goti liliharibika mwaka wa kwanza. Kocha angeweza kunirudisha nyumbani. Badala yake aliniachia ufadhili, akanipa kazi ofisini kwake, kupokea simu na kufua jezi. Hakuwa mtu mwema. Aliwapima wasichana uzito mbele ya wavulana, na waliochelewa aliwaita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nayasema haya msije mkadhani namtetea.

Alhamisi moja, siku mbili kabla ya mashindano ya kanda, iliingia faksi kutoka Mombasa, imeandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono wa ami yake Zuhura. Ilisema baba yake amelazwa hospitali, hali yake ni mbaya, lakini bado anazungumza na anaomba kuisikia sauti ya mwanawe. Chini iliandikwa nambari ya simu ya wodi.

Kocha akanipa ile karatasi. "Inasema nini hii?"

Zuhura alikuwa ameniambia mara mbili kwamba baba yake akizidiwa atarudi kwao na hatarejea Marekani. Nilikuwa nampenda, na yeye hakujua.

Nikamwambia kocha, "Baba yake amefariki. Wameshamzika."

"Wameshamzika? Mara hii?"

"Sisi Waislamu hatulazi maiti. Hata akipanda ndege sasa hivi, hakuna atakachokikuta."

Akaichukua ile karatasi, akaikunja. "Basi atakimbia Jumamosi. Nitamwambia baada ya mbio. Na wewe funga mdomo."

Nilifunga. Sikuwa na mpango wowote wa Jumapili.

Zuhura alimaliza wa pili. Kocha akamwita kando, akampa pole ya msiba. Wakati huo mzee alikuwa amekufa kweli, tangu Ijumaa. Siku yake ya mwisho yote aliimaliza akiuliza kama Zuhura amepiga simu.

Zuhura alipopiga simu kwao aliambiwa habari za faksi, akalalamika, na wiki tatu baadaye chuo kiliitisha kikao. Kocha alikiri kwamba aliificha habari. Alisema aliamini mzee ameshazikwa, kwa sababu mimi ndiye niliyemsomea faksi. Mwenyekiti akanigeukia. Nikasema sijawahi kuiona karatasi hiyo. Akanipa niwasomee. Nikaisoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, safari hii bila kuruka neno, na Zuhura ameketi mbele yangu. Nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza: "Neno hospitali limeandikwa wazi. Mzungu gani atashindwa kulisoma?"

Kocha alinitazama. "Kijana," akasema, "goti lako nililifunga bendeji kwa mikono yangu."

Walimfukuza siku ileile. Mkewe alikuja kuchukua vitu vyake. Nilimsaidia kubeba masanduku hadi garini, naye akanishukuru.

Nje ya ukumbi, Zuhura alinishika mkono kwa mara ya kwanza. "Amekusingizia kwa sababu yangu," alisema. Mwaka uliofuata tulioana. Tangu hapo, kila jina la kocha linapotajwa nyumbani, mimi ndiye ninayemlaani kwanza.

Sasa turudi kwenye simu ya Jumatatu. Zuhura aliiweka simu kwenye spika, akamsikiliza mkurugenzi, kisha akasema, "Mwambie jibu langu atalipata baada ya mbio." Akacheka. Nikacheka naye. Mkurugenzi akangoja tumalize, akasema kocha hana haja na picha wala sherehe. Anaomba dakika kumi na Zuhura, na mumewe awepo.

Simu ilipokatwa nikamwambia Zuhura, "Usiende. Mtu yule ni nyoka."

"Nitakwenda, Baba Rukia. Miaka yote hii nakusikiliza wewe ukimtukana. Nataka nimsikie mwenyewe. Anitazame machoni, aniambie nani alimwambia kwamba babangu amekufa."

"Si alishasema? Alisema ni mimi."

"Basi aseme tena na wewe upo. Wewe hofu yako nini?"

Binti yetu, ana miaka tisa, akauliza kwa Kiingereza kocha ni nani. Mama yake akamjibu, "Ni mtu aliyemnyima babu yako simu."

Kabla ya kukata simu mkurugenzi alikuwa amesema jambo moja zaidi. Kocha amepata kiharusi, na maneno yanamtoka nusunusu. Huenda asiweze kumaliza sentensi. Nikikana mara ya pili, nitaaminiwa tena. Nakiri kwamba hilo nimelipigia hesabu.

Ndugu zangu mnaosoma, niambieni la kufanya. Nimwambie hapa nyumbani, watoto wakiwa chumba cha pili? Nimwambie njiani, tukiwa wawili ndani ya gari kwa saa nne? Au niende nikakae mbele ya mzee yule na nikane? Zuhura ameshaomba ruhusa kazini. Tunaondoka Ijumaa baada ya swala. Kocha anatungoja Jumamosi, saa nne asubuhi.