Bakteria wa Bwawa la Adelmo

Saa kumi na mbili asubuhi, Valdeíza Monteiro anainamia visahani vya kioo katika maabara ya chuo kikuu mjini Ariquemes, Brazil. Kahawa yake ameiacha mlangoni, imeshapoa. Anatafuta vidoa vya manjano, makundi ya bakteria.

Fundi huyu wa maabara mwenye miaka hamsini na mbili ndiye aliyewaona kwanza bakteria hao, mwaka jana, katika utumbo wa samaki wa kufugwa aitwaye tambaki. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa hawafanani na spishi yoyote inayojulikana. Lakini jina jipya halikubaliwi mpaka bakteria walio hai wahifadhiwe katika hazina mbili za vijidudu, kila moja katika nchi yake. Kabla hajawatuma, umeme ulikatika wakati wa sikukuu ya kanivali, maabara ikiwa imefungwa, barafu ya jokofu ikayeyuka, wote wakafa.

"Nilikaa sakafuni nikalia," anasema bila kuona haya. "Mwenzangu akaniuliza, 'Dada, unalilia vijidudu?' Nikamwambia ndiyo, navililia."

Tumaini lilibaki kwa Adelmo Bragança, mfugaji mzee aliyetoa samaki wale wa kwanza. Naye alikuwa anafunga bwawa. Kilo ya tambaki humwingizia reais nane, pesa za Brazil, na karibu zote huishia kwenye chakula cha samaki. Shamba linageuzwa malisho ya ng'ombe.

Wiki iliyopita Valdeíza alimpigia simu amwekee samaki watatu wa mwisho. Alipofika, aliwakuta mezani wamepasuliwa, wamechanjwa, wameoshwa kwa ndimu, kama anavyoandaliwa mgeni yeyote wa heshima kule.

"Mzee, matumbo yako wapi?"

"Matumbo? Dada, nimpe mgeni samaki na uchafu wake? Mke wangu angenifukuza."

"Mimi nimefuata huo uchafu."

"Basi wahi. Kuku nao wameshasikia harufu."

Valdeíza alitimua mbio hadi nyuma ya jiko. Kuku walikuwa wamekula karibu yote. Chini ya ndoo iliyopinduka aliokoa utumbo mmoja mzima, akaufunga uzi ncha zote mbili, akaulaza kwenye barafu. Samaki wakachomwa na kuliwa kwa unga wa muhogo, huku Adelmo akimtania kuwa hajawahi kuona msomi akigombana na kuku.

Asubuhi hii, kwenye kisahani cha nne, vidoa vimeota, vidogo, vya manjano hafifu. Vipimo lazima virudiwe, lakini machozi yameshamtoka. Anachukua simu.

"Mzee, nadhani tumewapata. Safari hii silali mpaka niwagawe. Wengine watabaki hapa, wengine wataenda Ureno."

Ng'ombe wanaingia shambani kwa Adelmo Jumatatu.

"Kwa hiyo cha bwawa langu kitakachobaki ni hicho?"

"Ndiyo. Na mkuu wangu amekubali tuwape jina lako."

"Adelmo? Wajukuu zangu wote walinyimwa jina hilo, eti la kizamani. Wape hao, dada."