Mpagazi wa Kichwani

Bonde letu, chini ya mji wa Tabora, lina kisima walichonywea wapagazi wa misafara, lina magofu ya matembe, zile nyumba za udongo za Waarabu, na lina Anselm Masolwa, kiongozi wa wageni ambaye hakuna aliyemwomba awe kiongozi. Mzungu yeyote akija kutazama, Anselm humtangulia akijigamba kwamba alibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo mara tatu. Mwongo mkubwa! Bagamoyo hajaiona hata ndotoni.

Mwaka 1931 Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, alikuja na kamera, akamwambia aonyeshe pembe ilivyobebwa. Anselm akaokota gogo, akajitwika kichwani. Kichwani! Mnyamwezi gani huyo? Baba zetu walibeba pembe begani; kichwani ni mahali pa mtungi wa mwanamke. Akina mama pale kisimani walicheka mpaka wakamwaga maji. Mzee Limbu, aliyeitembea njia ile kweli, alikuwa amesimama papo hapo, bega wazi, na juu yake sugu ya pembe, kubwa kama yai. Hakuna aliyemuuliza neno.

Juzi tumemzika Limbu na sugu yake. Picha ya Anselm na gogo lake kichwani imetundikwa bomani, kwenye ofisi ya Bwana Shauri, na chini yake wameandika: “Mpagazi wa mwisho.”