Moshi Katika Jagi la Waini

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja glasi mbili kabla ya saa nne asubuhi. Mhudumu Mkuu akaniambia nisihesabu, kwani yeye siku yake ya kwanza alivunja tano. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika klabu moja nje kidogo ya Kitengela, upande wa barabara ya Namanga. Siku hizo ukisimama verandani uliona nyumbu wakipita mahali ambapo leo pana maghorofa. Nilikuwa nimetoka Kajiado na sanduku moja na barua ya mchungaji iliyosema kwamba mimi ni mwaminifu na sinywi pombe. Hilo la pili ndilo lililonipa kazi. Mhudumu Mkuu aliamini kwamba ufunguo wa stoo ya waini apewe mtu asiyeitamani.

Ninyi mnaofungua chupa leo kwa kuzungusha kifuniko cha bati hamjui taabu ya kizibo. Kizibo ni kipande cha gome la mti. Ukikipindisha kinakatika, ukikisukuma kinatumbukia ndani. Chupa hulazwa stoo ili kizibo kisikauke, na ukishakivuta unakinusa. Waini iliyoharibiwa na kizibo hunuka kama katoni iliyolowa mvua, na hiyo hairuhusiwi kufika mezani. Nilipobana chupa ya kwanza kwa magoti ili niivute vizuri, Mhudumu Mkuu alinigusa bega.

"Hapa hatukamui mbuzi, Mama Resian," akasema. "Simama wima."

Nilijifunza kusimama wima. Nilijifunza pia kuonja, maana huwezi kuhudumia usichokijua: unanusa, unazungusha mdomoni, unatema kwenye ndoo. Kwa miaka yote hiyo sikumeza hata tone, na mchungaji wangu yu hai, muulizeni kama alinisikia nikinuka.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya chakula cha mchana, walikuja Waonjaji. Walikuwa watu kumi hivi, wapenzi wa waini za Australia, ambazo wakati huo zilikuwa ngeni kwetu. Mwenyekiti wao alikuwa rubani mstaafu aliyewahi kutembelea mashamba ya mizabibu ya huko, na hakuacha mtu asahau hilo. Kazi yangu ilikuwa kuvalisha chupa soksi za timu ya mpira ya klabu, kila moja na namba yake, ili mtu asione jina akasifu jina. Walionja, wakaandika alama, wakabishana kwa saa nzima, kisha nikavua soksi na nusu yao wakaaibika. Nilikuwa napenda sana dakika hiyo.

Walitaja harufu za matunda ambayo sikuwahi kuyaona, nami nikajitengenezea maneno yangu. Waini moja ilinuka mkanda mpya wa ngozi, nyingine vumbi likipata mvua ya kwanza. Nyingine ilinuka majani ya mkaratusi, yale tuliyofukizwa utotoni tukishikwa na mafua. Siku moja nilimnong'onezea Mwenyekiti hilo la mkaratusi, akanusa tena glasi yake, akasema kwamba nimepata, kwa sababu huko mikaratusi huota kando ya mizabibu.

Miongoni mwao alikuwamo Daktari wa Mifugo, Mmaasai mwenzangu kutoka Kimuka, aliyesomea ng'ambo. Nje, kwenye maegesho, alinisalimia "Takwenya," nami nikamjibu "Iko." Ndani alinisalimia kwa Kiingereza. Sikumlaumu. Kila mtu ana nguo ya nje na ya ndani.

Mhudumu Mkuu alipostaafu, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, alikuja Meneja mpya kutoka Nairobi. Mwezi wake wa kwanza Waonjaji walilalamika kwamba jagi linanuka sabuni. Hili ni jagi pana la kioo ambamo waini nyekundu nzito humiminwa ipate hewa, na mashapo, yale machicha meusi, yabaki chupani. Meneja akaniita ofisini. Alisema Jumamosi yao inayofuata Waonjaji watachagua waini moja iwe ya klabu. Siku ikienda vizuri, mimi ndiye nitakayekuwa Mhudumu Mkuu. Lakini akisikia tena neno sabuni, nitarudi Kajiado.

Jumamosi hiyo asubuhi niliosha jagi kwa maji ya moto peke yake. Nikalinusa, bado lina sabuni. Nikasuuza tena na tena, harufu haikutoka. Nikafanya alivyonifundisha mama yangu. Kwetu chombo cha maziwa hakihesabiwi kuwa safi mpaka kifukizwe kwa oloirien, ule mti mnaouita mtamaiyu, mzeituni wa porini. Kaa lake husuguliwa ndani ya kibuyu hadi uvundo wote uishe. Kwa kuwa kaa lingepasua kioo, niliinamisha jagi juu ya moshi nyuma ya jiko, polepole, nikalifuta kwa kitambaa. Sabuni ilikwisha kabisa. Nilijisifu.

Chupa zilikuwa sita. Tano zilimiminwa moja kwa moja. Ya nne pekee, shiraz, waini nyekundu ya miaka mingi yenye mashapo, ilipitia jagini. Walipoifikia, kila mtu alirudia kunusa. Mwenyekiti alifumba macho, kisha akaeleza kwa kirefu jinsi mapipa ya mwaloni yanavyochomwa ndani kwa moto kabla ya kutiwa waini, na kwamba moshi wa namna hii hajauonja tangu alipokuwa bonde la Barossa, huko Australia. Hapo nikakumbuka moshi wa nyuma ya jiko.

Daktari aliinua glasi yake, akanusa, akaishikilia hapo hapo puani. Akaniangalia moja kwa moja. Nilijua kwamba amejua.

"Mwaloni uliochomwa," akasema, akiishusha. "Wa Kifaransa, nadhani." Akaandika alama ya juu kuliko wote.

Nilikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua. Nikinyamaza, nitakuwa Mhudumu Mkuu, na klabu itaagiza waini ambayo ikija haitakuwa na ladha waliyoichagua, nao hawatajua kwa nini. Nikisema, basi. Chupa zote sita zilikuwa zimeshaonjwa, ya nne ikaongoza, na Mwenyekiti alikuwa ameshashika kalamu ya kujaza fomu ya kuagiza.

"Mwenyekiti, samahani," nikasema. "Huo moshi si ya pipa. Ni mimi. Nimefukiza jagi asubuhi na oloirien, vile sisi hufukiza kibuyu ya maziwa."

Aliagiza waini ile ile imiminwe kutoka chupani. Wakaonja. Ilikuwa waini ya kawaida, na alama zao zilipopangwa upya ikawa ya tano. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilimtazama Daktari. Alikuwa anaandika kitu kwenye karatasi yake, na hakuinua kichwa.

Jumatatu Meneja alinipeleka jikoni kuosha vyombo. Nilikaa kwenye sinki mwaka mmoja na nusu, na cheo akapewa mwingine. Iliniuma, sitadanganya. Aliyenirudisha ni Mwenyekiti, baada ya kuletewa mezani chupa tatu zilizonuka katoni na hakuna mhudumu aliyegundua. Alimwambia Meneja arudishe ile pua. Uhudumu Mkuu niliupata baadaye, chini ya Meneja wa tatu, nikaushika mpaka nilipostaafu.

Zawadi yangu ya kuagwa ilikuwa jagi lile lile. Sasa nalitilia maziwa, na ndiyo, nalifukiza. Vijana huniuliza siri ya kazi, nami huwaambia chombo kwanza, kinywaji baadaye.

Mwaka uliofuata kustaafu kwangu Daktari alikuja nyumbani kumtibu ng'ombe wangu, naye akiwa mzee sasa, anatembea kwa fimbo. Nilimpa maziwa kutoka jagi lile. Aliyazungusha kikombeni kama waini, kwa mazoea, akanusa, na mkono wake ukatulia.

"Siku ile nilijua, Ng'oto Resian," akasema, akiniita Mama Resian kwa Kimaasai. "Kabla hata sijaonja. Ilikuwa nyumba ya mama yangu kabisa."

"Niliona ukijua."

"Niliogopa waseme mimi bado ni mtu wa kibuyu."

"Nilikaa kwa sinki mwaka na nusu, Daktari. Ungesema neno moja tu."

Aliitikia kwa kichwa, akanywa hadi mwisho, akanyoosha kikombe. Nikasimama wima, nikammiminia kwa mkono wa kulia kama nilivyofundishwa. Sikumwambia kwamba si kitu, maana kilikuwa kitu. Lakini nilikijaza kikombe mpaka juu.